Mishale Kumi na Minne

Nilimfuta mtu kwa kidole kimoja, saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa bado haijapoa. Sikumgusa mwili. Nilibonyeza kitufe mara kumi na nne, jina lake likatoka kwenye orodha, na mama yake mzazi, bibi kizee asiyeweza kushuka ngazi, akawa hana pa kukaa. Sasa na mimi nimezeeka, lakini kila nikikumbuka moyo unanilipuka kama siku ile ile. Jambo baya namna hiyo lingepaswa kuwa na uzito kidogo mkononi. Halikuwa na uzito wowote.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati kila mtu ni Ndugu, na sukari ukiipata unaificha uvunguni. Nilikuwa nimeshuka kutoka Kilimanjaro na cheti cha kupiga chapa, nikakaa kwa mama yangu mdogo aliyekuwa na duka la nafaka Kariakoo. Nikapata kazi katika shirika moja la umma lenye ofisi Mchafukoge. Jina lake silitaji. Lilishakufa, na marehemu hasemwi.

Niliwekwa chumba cha mashine. Usifikirie kompyuta za siku hizi. Mashine yetu ilifanana na taipureta iliyonenepa, na kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Ukibonyeza herufi, iliichapa kwenye karatasi, na papo hapo, ubavuni, ilitoboa matundu kwenye mkanda mwembamba wa karatasi. Karatasi ilikuwa ya macho yetu tu. Mkanda ndio uliokuwa kazi yenyewe: tuliukunja, tukaupeleka jengo la pili kwenye kompyuta kubwa, nayo ikasoma yale matundu na kutoa orodha safi iliyonyooka. Herufi ndogo hazikuwepo kabisa, kwa hiyo kila tulichoandika kilionekana kama tunamfokea mtu.

Mkuu wa chumba alikuwa mzee wa Kihindi, Mhindu mzaliwa wa hapa hapa mjini, ambaye Kiswahili chake kilinizidi mimi wa mlimani. Alivaa shati jeupe siku zote, na mfukoni alibeba penseli iliyochongwa kwa wembe mpaka ncha yake ikawa ya kutisha. Kila asubuhi nilimwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Mikono umenawa?”

Aliuliza hivyo kwa sababu mafuta ya vitumbua vyetu yalikuwa yanaharibu mkanda.

Ndiye aliyenifundisha kwamba mashine haijui herufi. Alitoa vizibo saba vya soda akavipanga mezani. Kizibo chali ni tundu, kizibo kifudifudi ni pengo, basi. Kwa vizibo hivyo saba alinionyesha A, akanionyesha B, akanionyesha alama ya kuuliza. “Kila alama ina namba yake, binti. Mashine inabeba namba. Umbo la herufi ni nguo tu, inavalishwa mwisho, kule inakochapwa.” Nikamwomba anionyeshe mshale, maana kwenye mashine yetu palikuwa na kitufe cha mshale unaoelekea kushoto na nilikuwa naupenda, sijui kwa nini. Akapanga: vitano chali, kimoja kifudifudi, kimoja chali.

“Tisini na tano,” akasema. “Una pengo moja tu, unaliona? Ukilitoboa nalo, vyote saba vikawa chali, si mshale tena. Ni alama ya kufuta kabisa.”

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nieleze taratibu. Tundu likishatobolewa kwenye mkanda halizibiki. Ukikosea herufi ulikuwa na njia mbili. Njia ya mzee ilikuwa kuurudisha mkanda nyuma, herufi moja moja, kwa kitufe cha pembeni, kisha kutoboa matundu yote saba juu ya kosa. Penye matundu yote saba msomaji, yaani kifaa kinachousoma mkanda, hupita moja kwa moja, na hakuna kiumbe anayeweza kujua hapo kabla palikuwa na nini. Njia hiyo ilichosha. Njia ya pili ilikuwa mshale. Kompyuta kubwa ilikuwa imeagizwa kwamba ikikutana na tisini na tano, iitupilie mbali herufi iliyotangulia. Umekosea herufi moja, mshale mmoja. Umekosea mbili, mishale miwili, unasonga mbele na maisha yako. Sisi wasichana wa chumba kile tuliupenda mshale kama tulivyopenda siku ya mshahara.

Mzee aliuchukia. “Mshale haufuti,” alikuwa akisema, na penseli ile inatikisika. “Kosa liko pale pale kwenye mkanda. Mshale unamwomba tu msomaji afumbe macho. Je, akija msomaji asiyejua kwamba ameombwa?” Tulimwitikia ndiyo mzee, akigeuka tukamcheka. Tulimpachika na jina, Mzee Matundu.

Alikaa mtaa wa pili kutoka ofisini, ghorofa ya tatu, flati namba sita. Jengo lile lilijengwa na marehemu baba yake. Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha, lilikuja kuwekwa chini ya shirika letu, naye akawa mpangaji katika nyumba aliyozaliwa. Hilo hakuwahi kulilalamikia mbele yangu. Alikaa humo na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Bibi alishinda kwenye bembea ya chuma sebuleni, dirishani, na jiko la mafuta ya taa kwenye stuli kando yake, na kikapu chenye kamba ndefu. Saa saba mchana mimi nilikuwa nikitoka sokoni Kariakoo na bamia zake, nasimama chini, naita, kikapu kinashuka. Natia bamia. Kikapu kinapanda, halafu kinashuka tena na chapati mbili za moto zimefungwa kwenye kitambaa, zangu hizo. Sikuwahi kukaa chumba kimoja na bibi yule. Nilimjua mkono na sauti: “Kula, mwanangu, umekonda!” Nilizila chapati zake karibu mwaka mzima.

Sasa asubuhi moja akaja afisa nyumba wa shirika. Mzee hakuwepo, alikuwa bandarini anahangaikia mashine mpya iliyokwama huko ikisubiri vibali. Afisa yule alikuwa mtu wa maneno laini na viatu vinavyong’aa. Alikuja na orodha ya mkono ya wapangaji watakaobaki katika lile jengo, akasema, “Nipigie hii, mdogo wangu, naisubiri hapa hapa.” Akasimama nyuma ya kiti changu.

Nikapiga. Namba moja, namba mbili, mpaka nikafika sita. Nikapiga jina la mzee lote, herufi kumi na nne pamoja na nafasi ya katikati.

“Hapo hapo,” akasema. “Futa huyo.”

“Lakini yumo kwenye karatasi yako, Ndugu.”

Akatoa mfukoni kipande cha pakiti ya sigara, kimeandikwa jina jingine. Baadaye nilikuja kujua ni la shemeji yake. Akakiweka juu ya mashine, akaniuliza kwa upole kabisa, “Wewe umeshathibitishwa kazini?”

“Bado, Ndugu.”

“Haya.”

Ndilo hilo tu, haya. Hakunifokea wala hakuniahidi kitu. Mpaka leo natafuta humo ndani ya neno hilo kitu cha kunitisha, niseme nililazimishwa, na sikipati. Kurudisha mkanda nyuma herufi moja moja kungechukua muda, na yeye kasimama mgongoni kwangu ananuka manukato. Nikabonyeza mshale. Kwenye karatasi, mbele ya jina la mzee, ikajipanga safu hii:

←←←←←←←←←←←←←←

Yote ilimwelekea yeye, kama watu wanaomnyooshea mtu kidole. Nikafuatisha jina la shemeji. Nilipomaliza orodha, afisa aliichomoa ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Mkanda niliupeleka jengo la pili kwa miguu yangu mwenyewe. Kompyuta kubwa ikausoma, ikaitii mishale yangu yote, ikatoa orodha safi: flati namba sita, shemeji. Hapakuwa hata na kovu. Mkanda ukarudi chumbani kwetu, nikauandikia lebo, nikautia kwenye kopo la biskuti pamoja na mingine, maana mzee alikuwa hatupi mkanda hata mmoja.

Na saa saba nikaenda kununua bamia.

Barua ilimfikia baada ya wiki mbili: ahame ifikapo mwisho wa mwezi. Alikwenda kwa afisa, akarudi na uso wa mtu aliyejikwaa mbele za watu. “Amenionyesha orodha iliyotoka kwenye kompyuta,” alinisimulia. “Jina langu halimo. Ananiambia, mashine haikosei, mzee, si wewe mwenyewe unayetufundisha hivyo?” Akajaribu kucheka. Akanisimulia pia kwamba jana yake alikuja mwanamke nyumbani na kipande cha kamba, akapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mke wa mpangaji mpya. Bibi alidhani ni mgeni, akamkaribisha kutoka kwenye bembea, akamnywesha chai, na mwanamke akainywa huku anapima.

Kisha mzee akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

“Binti, orodha ile uliipiga wewe. Kwenye karatasi ya mkono, jina langu lilikuwepo?”

“Halikuwepo, mzee.”

“Hakika?”

“Hakika.”

Akatikisa kichwa kukubali. Kopo la biskuti lilikuwa hatua sita kutoka pale alipokaa. Angeweza kuinuka, akavuta mkanda, akausoma kwa macho matupu, maana alijua kusoma matundu kama wengine wanavyosoma gazeti. Hakuinuka. Nilikuwa nimemwambia mimi, na kwake hiyo ilitosha.

“Basi nitatafuta chumba cha chini,” akasema. “Mama hawezi ngazi. Na kumteremsha tu sijui tutamteremshaje.”

Mchana ule kikapu kilishuka na chapati mbili kama kawaida. Nilishindwa kuzila. Jioni nikazibeba mpaka dukani kwa mama mdogo zikiwa zimepoa ndani ya kitambaa chake. Mama mdogo alikuwa anapimia watu maharage kwa kopo, akauliza nina nini, nikamwambia yote, nikitarajia atanipoza. Mchagga wa duka, nikadhani, ataelewa habari ya kazi. Akaweka kopo chini. Akafuta mikono kwenye kanga. Akanipiga kofi mbele ya wateja.

Hakuwahi kunipiga. Nilisimama nimeshika shavu, mdomo wazi, na wateja wanaangalia maharage yao.

“Nilitaka kuthibitishwa kazini, mama.”

“Kazi utapata nyingine! Mama wa watu atapata miguu mingine?” Akanyoosha kidole mlangoni. “Kesho asubuhi ukaseme. Usiposema, hapa kwangu usirudi.”

Akaokota kopo, akaendelea kupimia watu.

Kesho yake nilipanda ngazi za ofisi nimelikariri neno langu kama mtoto wa kipaimara. Nikakuta chumba kimejaa watu. Mashine mpya ilikuwa imetoka bandarini, na mzee, pamoja na masaibu yake yote, alikuwa ameifungua na kuiunganisha tangu alfajiri. Ndugu Meneja alikuwepo, na watu wa vyumba vingine, na afisa nyumba na viatu vyake.

“Mzee, nina neno,” nikamwambia.

“Baadaye, binti. Hebu njoo uone hapa kwanza.” Akanionyesha kitufe. “Unautafuta mshale wako? Haupo. Huko wanakotengeneza mashine wamekaa wakakubaliana upya. Tisini na tano sasa ni mstari wa chini. Namba ile ile, wameibadilishia nguo.”

Nilimsikia kwa mbali. Masikio yangu yalikuwa bado yana lile kofi.

Ndugu Meneja akasema tuione inavyofanya kazi. Mzee akafungua kopo la biskuti, akatafuta mkanda mrefu wenye kila aina ya herufi ili aipime mashine vizuri. Akautoa mmoja. Niliijua lebo, ilikuwa mwandiko wangu. Mkono wangu ulinyanyuka kumzuia, ukafika usawa wa kifua, ukashuka. Naye akaupachika mkanda kwenye msomaji, akawasha.

Mashine ikaanza. Namba moja, namba mbili. Meneja kainama juu ya karatasi, anafurahia wino mweusi. Ilipofika namba sita nikafumba macho. Nikalisikia jina la mzee likichapwa, halafu nikaisikia na mishale yangu, tak, tak, tak, mmoja mmoja. Nikafumbua macho nikitegemea kuiona yote mbele za watu. Hivi ndivyo ilivyokuja:

______________

Haikuwa mishale. Mashine hii haikuwa imeagizwa kutupa herufi yoyote; ilichapa kila namba kama ilivyo, na tisini na tano yake ilikuwa mstari wa chini. Ulikuwa mstari mmoja ulionyooka, mbele ya jina la mzee, na baada ya mstari, jina la shemeji.

“Hebu, hebu.” Meneja akavaa miwani. “Mzee, si wewe huyu? Si ndiyo flati ile uliyoniambia wamekutoa?”

“Ndiyo, Ndugu Meneja.”

“Mbona umo! Jina la mpangaji hili hapa. Nafasi ya saini. Na huyu wa pili ni shahidi.” Akamgeukia afisa. “Kumbe huyu hajasaini tu! Ndiyo maana orodha ya kwanza ilimruka. Ile mashine ya zamani imechoka.”

Msimcheke meneja yule. Miaka ile tulijaza fomu za kila kitu, fomu ya saruji, fomu ya kitambaa, fomu ya likizo, na zote ziliishia hivyo: jina, mstari, shahidi. Mtu yeyote wa zama zile ukimwonyesha jina lenye mstari mbele yake, mkono wake unatafuta kalamu. Afisa angesema si nafasi ya saini, angeulizwa ni nini basi.

“Au mashine inakosea?” Meneja akamwuliza.

“Haikosei, Ndugu,” akasema afisa, na jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu.

Mzee alichomoa penseli yake, akainama, akaanza kuugusa ule mstari kipande kwa kipande, midomo ikicheza. Mimi nilijua anahesabu nini. Akafika kumi na nne. Akarudi akahesabu na herufi za jina lake mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu, kana kwamba halijui. Kumi na nne. Ndipo akanyanyua kichwa, akanitazama.

Sijawahi kutazamwa vile. Ningependa angekasirika. Hakukasirika, alishtuka, tena wazi wazi kama mtoto, na kushtuka kwake kuliniuma kuliko kofi la jana yake.

Nikasema moyoni, sasa anasema. Mzee yule alikuwa hawezi kuvumilia uongo juu ya mashine. Siku moja alisimamisha mkutano mzima wa wafanyakazi kwa sababu mtu alisema mashine “imechoka.” Sasa limesemwa neno hilo hilo, mbele yake, na bosi. Ilikuwa aseme tu: Ndugu Meneja, hii si nafasi ya saini, hii ni mishale kumi na minne ya kunifuta mimi. Ningefukuzwa, na afisa angefukuzwa. Na flati? Ingeundwa kamati, kamati ingekaa, na mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Niliyaona yote hayo yakipita usoni kwake.

“Saini, mzee, tuyamalize,” akasema Meneja, akampa kalamu.

Akaipokea. Kisha akainama akasaini, juu ya mishale yangu. Hakuna mtu aliyejua ni kitu gani kimetokea pale isipokuwa sisi watatu.

“Na huyu shahidi, Ndugu Afisa, unamfahamu?”

“Na... namfahamu.”

“Basi msainie.”

Akasaini. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Watu walipotoka nilibaki. Mzee alikuwa ananiachia mgongo, anaukunja mkanda. Neno nililolikariri lilikuwa hapa, kooni, halipandi wala halishuki.

“Mzee...”

“Nilikuuliza, binti,” akasema. “Nilikaa pale nikakuuliza.”

Nikaanza kulia. Hakugeuka. Akamaliza kukunja mkanda, akasema, kwa sauti yake ya kila siku, “Saa saba inafika. Mama anangoja bamia.”

Nikaenda. Kikapu kikashuka, kikapanda, kikashuka. Chapati mbili. “Kula, mwanangu!” Bibi hakujua lolote, na alikufa miaka kadhaa baadaye humo humo, kwenye bembea yake, bila kujua. Jioni mama mdogo aliniuliza, “Umesema?” Nikamjibu, “Yamejulikana, mama.” Akanitazama sana, akanisogezea sahani.

Mzee hakumwambia mtu. Fomu yangu ya kuthibitishwa kazini alinisainia yeye mwenyewe. Aliendelea kunifundisha mpaka nikawa fundi wa kweli, na sikuutumia mshale tena, hata kwenye mashine ya zamani iliyokuwa bado nao. Lakini neno langu hakuliamini tena. Hakuwa na kinyongo, kwa sababu alinitania na kuniuliza kama nimenawa mikono. Ila nikimwambia mkanda umekwisha, alikwenda kutazama. Nikisema mvua inanyesha, aliinuka akaenda dirishani. Ilikuwa hivyo kila siku, mpaka alipostaafu akamfuata dada yake ng’ambo, na huko, nilisikia, akafariki. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema kesho nitamwomba radhi, kesho nitamwomba.

Shirika lilipovunjwa mimi ndiye niliyeambiwa nitoe takataka chumba cha mashine. Makopo ya biskuti yalikuwepo yote, yana kutu. Nililitafuta lile kopo, nikautoa mkanda wenye mwandiko wangu, nikausogeza dirishani penye mwanga. Nilikuwa nimeshajua kusoma matundu kwa macho, kama yeye. Namba moja, namba mbili. Sita. Jina la mzee, herufi kumi na nne, zimekaa salama. Nikajikaza kuiona mishale.

Haikuwepo. Matundu matano yalikuwepo, na lile la mwisho lilikuwepo, lakini pengo nalo lilikuwa limetobolewa. Safu zote kumi na nne zilikuwa na matundu saba, alama ya kufuta: mishale yangu ilikuwa imefutwa kabisa. Niligusa kwa kidole. Matundu ya mashine yana kingo laini. Haya ya kwenye pengo yalikuwa na kingo zilizokwaruzika, na kila moja lilikuwa na weusi kidogo pembeni, weusi wa penseli. Alikaa chini siku moja, sijui siku gani, akayatoboa kwa ncha ile ya wembe, moja moja, kumi na nne. Jina la shemeji hakuligusa. Lilikuwa limebaki pale pale, kila mwenye macho alisome.

Nilikaa sakafuni katikati ya makopo. Nikahesabu tena, nikitumaini amesahau hata moja, ili nami nibaki na kitu cha kumwombea radhi. Hakusahau. Nikalitoa lile neno lililokaa kooni miaka yote, nikalisema kwa sauti, nisamehe mzee, chumbani mle mlimokuwa hamna mtu wa kuinuka kwenda kuhakikisha.